Kengele Ilipigwa au Haikupigwa?

Mgeni rasmi, Bwana Msimamizi wa bustani, wajumbe wa bodi, wageni waalikwa, na ninyi majirani mliosimama nyuma ya uzio kwa kukosa viti, tunawasalimu.

Risala hii inasomwa na mfagiaji wa njia. Tumemchagua kwa sababu sauti yake inafika mbali bila kipaza sauti. Kipaza sauti tumekiacha makusudi, maana swichi yake iko karibu na mkono wa Bwana Msimamizi.

KARIBU

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni rasmi, wenyeji wako tumeugua siku nyingi, kwa hiyo karibu sana.

Tumefagia majani, tumepogoa ua, tumesugua ukoga kwenye benchi la mawe ulilokalia asubuhi. Kila anayeingia hapa husema neno lile lile: "Jamani, pametulia!" Hata wewe umelisema, tumekusikia. Ni kweli pametulia. Leo tunaomba utusikilize tukueleze utulivu wenyewe unapatikanaje.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu karatasi hii. Bwana Msimamizi alitaka kuiona risala kabla hujafika. Tukampelekea. Ikarudi imenyolewa kipara. Sehemu ya changamoto ilikuwa imefutwa yote, na pembeni ameandika: "Wafanyakazi hawana changamoto kubwa." Ile tumeiacha nyumbani. Hii ni nyingine. Tunamwona anajisogeza kitini. Atulie tu, risala si ndefu, na kiti hicho tumekifuta vumbi sisi.

TULIKOTOKA

Bustani hii ni ya zamani kuliko mtu yeyote aliye hapa. Imejengwa mteremkoni. Juu kabisa kuna bwawa lililojificha nyuma ya miti. Maji ya bwawa hupita katika mfereji wa mawe uliofunikwa, mtu anaweza kuingia ndani yake kwa kuinama, na huteremka chini kwa chini mpaka kwenye chemchemi hii inayoruka mbele yako. Katikati ya bustani ndipo uliposimama mnara wa kengele.

Waliojenga mnara hawakutafuta urembo. Bustani ina kuta, kona na ua mrefu, wa juu hamwoni wa chini, wa chini hamwoni wa juu. Anayewaona wote ni mmoja tu, aliye mnarani. Ndiyo maana tangu enzi hizo kazi hapa inaongozwa na kengele. Mlio mmoja, anza. Milio ya haraka haraka, acha kila kitu na utoke ulipo. Na kati ya mlio na mlio kuna kimya, nacho kina maana yake kwetu: endelea, mambo ni salama. Mtoto wa kazi hii hufundishwa kusikiliza kimya kabla hajafundishwa kushika mkasi.

Mpiga kengele wetu tunamwita Mama Kamba. Kazi alirithishwa na mama mkwe wake, aliyempandisha ngazi siku ya kwanza akiwa bado bi harusi, akamwambia, "Mwanangu, huku juu hatuji kupunga upepo. Huku tunashika roho za watu." Mama Kamba ni mcheshi, mdomo wake hauna breki, na hajawahi kusinzia juu ya mnara. Anaishi katika chumba cha chini ya mnara huo huo pamoja na mumewe, Fundi Maji, anayetunza mfereji na chemchemi. Fundi Maji alizoea kututania: "Mimi nimeoa balaa. Wake wa wenzangu wakitaka mume aje kula wanachungulia dirishani. Wangu akiniita, mtaa mzima unanawa mikono."

TUNAYOJIVUNIA

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeumia ndani ya mfereji. Hilo tu. Mengine, waridi, vichaka vilivyokatwa umbo la tausi, kikombe cha usafi kilichoko ofisini, Bwana Msimamizi atayasema kwenye hotuba yake, maana anayapenda.

CHANGAMOTO, ILE SEHEMU ILIYOFUTWA

Mkahawa ulipofunguliwa pale karibu na lango, Bwana Msimamizi alisema kengele inawashtua wageni wakiwa na vikombe mkononi. Akaleta watu, wakapanda, wakang'oa kile chuma kinachoning'inia ndani ya kengele na kuigonga, tunachokiita ulimi.

Mama Kamba alimfuata ofisini.

"Sasa watu nitawaitaje, baba?"

"Wana simu."

"Simu si ulisema tuziache langoni? Ulisema mfanyakazi mwenye simu anaharibu picha za wageni."

"Mama, watu wanakuja hapa kutafuta utulivu. Nenda kazini."

Akaenda kazini. Alipanda ngazi kila siku kama zamani, kwa sababu asipopanda nani atawaona watu? Akawa anavuta kamba, kengele inayumba bila mlio, nasi tunainua macho kuitazama. Tukajifunza kusikia kwa macho. Lakini aliye nyuma ya miti haoni mnara, na aliye ndani ya mfereji haoni hata mbingu. Tulikwenda kusema hivyo. Tukaambiwa tunapenda kulalamika.

Mgeni rasmi, siku ya ajali ni siku uliyotutembelea mara ya kwanza.

Asubuhi ile majani yalikuwa yameziba wavu wa chuma ulio mwishoni mwa mfereji, na Bwana Msimamizi alitaka chemchemi iruke vizuri ukifika. Fundi Maji akaingia kuyatoa. Aliacha kofia yake juu ya jiwe la mlango wa mfereji, kama alivyofanya siku zote, ili mkewe akiiona ajue mwenye kofia yuko ndani.

Msafara wako uliwahi. Bwana Msimamizi akamtuma mlinzi wa lango mbio mpaka bwawani, kwa mzee wetu anayeitwa Mlinda Bwawa.

"Mzee, fungua maji! Mgeni huyo kafika!"

"Fundi ametoka?"

"Mimi najuaje? Nimetumwa maji."

Mlinda Bwawa akashika gurudumu la kufungulia, akasita, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kimya. Mazoea yana taabu. Kichwa chake kilijua kengele haina ulimi, masikio yake hayakujua. Kimya kilimwambia kile kilichomwambia maisha yake yote: endelea, mambo ni salama. Akafungua.

Kupitia upenyo wa miti Mama Kamba aliuona mgongo wa mzee umeinama juu ya gurudumu. Akageuka, akaiona kofia. Hajui alifikaje kwenye kamba. Alivuta. Alivuta kwa mikono miwili, akaning'inia kwa uzito wake wote, na juu ya kichwa chake kengele ikaenda huku na kule kama mtu anayekataa kwa kichwa. Kamba ikamchuna viganja. Aliita, lakini muziki wa mkahawa ulikuwa juu kuliko sauti yake. Alimwona mzee anaendelea kuzungusha.

Waliokuwa kwenye waridi ndio waliobahatika kuinua macho. Waliona kengele inayumba kama iliyopagawa, wakatupa majembe, wakakimbia. Mmoja akapanda bwawani kufunga maji, wengine wakaingia mferejini. Walimkuta Fundi Maji amebanwa kwenye wavu, nyonga imevunjika, anapumua kwa shida.

Bwana Msimamizi akafika. Tunanukuu, na waliosikia wamesimama hapa: "Ametoka? Haya, fungueni maji tena. Na huyu mpitisheni nyuma, mgeni asione."

Tukampitisha nyuma. Tulimbeba kwenye toroli la mbolea, tukajibana kando ya ua huu huu tulioupogoa jana, naye ameuma mkono wa shati lake asipige kelele. Upande wa pili wa ua, wewe ulikuwa umesimama mbele ya chemchemi unapigwa picha. Ile picha iko ukutani ofisini. Unatabasamu. Kwa hilo hatukulaumu, Mgeni rasmi, kwa sababu hukujua. Kuanzia leo unajua.

Hospitalini, Fundi Maji alipopata nguvu ya kusema, Mlinda Bwawa alikuwa kando ya kitanda analia kama mtoto, anaomba radhi. Fundi akamwambia, "Kaka, acha. Hata mimi nilisikia maji yananguruma. Nikasimama, nikasikiliza kengele. Kimya. Nikasema labda ni gari la taka linapita. Nikaendelea na kazi yangu."

Mama Kamba alikuwa amesimama pale pale. Alichukua kikombe cha mumewe kilichokuwa safi, akatoka nje kukiosha.

Kisha ikaja taarifa ya uchunguzi. Imebandikwa kwenye ubao wa matangazo ili kila mtu aisome. Inasema: "Kengele haikupigwa. Mpiga kengele alizembea." Basi. Ulimi uliong'olewa haukutajwa, simu zilizoachwa langoni hazikutajwa. Hakuna aliyemuuliza Mama Kamba hata swali moja, na viganja vyake vilikuwa bado vimefungwa bandeji. Tumekasirika, Mgeni rasmi. Tumejaribu kutafuta neno la heshima zaidi, hatukulipata.

Ameamriwa ahame chumba cha mnara, kwa kuwa mnara sasa utakuwa mahali pa wageni kupanda na kupiga picha. Ndiyo shughuli iliyokuleta leo. Ule utepe mwekundu unaoungojea mkasi wako umefungwa kwenye mlango wa nyumba ya mtu. Nyuma ya mlango huo Fundi Maji amelala, hawezi kugeuka bila kusaidiwa, na ameambiwa akae kimya mpaka sherehe iishe.

Na ulimi wa kengele, kama unajiuliza uko wapi, umeuona. Asubuhi ulipopelekwa kunywa chai uliupita. Ni kile chuma kizito kinachozuia mlango wa mkahawa usijifunge upepo ukivuma.

OMBI LETU

Wenye uzoefu wa risala walitushauri tuombe mengi, ili mgeni apate moja la kukubali. Sisi tunaomba moja tu, nalo liko kwenye ratiba yako tayari.

Ratiba inasema baada ya risala utakata utepe, utapanda mnarani, utavuta kamba, na wapiga picha watakupiga picha. Tunaomba jambo hilo lisiahirishwe. Bwana Msimamizi akikunong'oneza kwamba muda umekwisha, mwambie unao. Tunaomba usimwachie msaidizi wako. Panda mwenyewe. Ukifika juu, Mama Kamba atakuonyesha jiwe ambapo kofia ilikuwa. Litazame vizuri, halafu mfikirie mtu wako mmoja, mkeo, kaka yako, mwanao, awe ndiye aliye ndani, na maji yanakuja.

Kisha vuta.

Sisi tutabaki hapa chini, tumenyamaza, tunasikiliza. Tumewaomba na hawa wa mkahawa wazime muziki, wamekubali, wao si watu wabaya.

Ukishavuta mpaka mikono ikakuuma, shuka, usimame hapa mbele ya watu wote utujibu swali moja: kengele ilipigwa au haikupigwa? Ukisema haikupigwa, hatutabisha. Mama Kamba amekwisha funga virago vyake, tutamwinua Fundi Maji na godoro lake, na tutawahamisha leo hii, mchana kweupe, kupitia lango kuu. Nyuma hatupiti tena. Ukisema ilipigwa, basi karatasi ile ibanduliwe ubaoni kwa mkono wako, na chuma kile kitoke mlangoni pa mkahawa kirudi mahali pake. Ngazi na spana tumeziweka nyuma ya benchi ulilokalia.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Tutakungoja.

Mungu akupe pumzi ya kupanda ngazi zile na akushushe salama. Akulindie walio wako popote walipo kazini, na awape mtu wa kuwaangalia kutoka juu, mwenye kitu cha kuwaitia. Ampe Fundi Maji miguu yake. Na Bwana Msimamizi, Mungu ampe masikio.

Ni sisi, Wafanyakazi wa Bustani ya Mnara: wapogoaji, wamwagiliaji, wafagiaji wa njia, mlinda bwawa, fundi wa maji aliyelala nyuma ya utepe, na mpiga kengele wetu, ambaye wakati risala hii inasomwa ameshapanda na anakusubiri kwenye kamba.