Mama Ubao na Fumbo Lisilofunguliwa

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya tatu kutoka karakana ya mabehewa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi wa breki na mama mshona nguo. Wa pili, ambaye pia ndiye wa mwisho, alizaliwa miaka sita baadaye, na huyo ni mama yangu. Kwangu mimi ninayesoma, basi, marehemu ni mama yangu mkubwa. Lakini wasifu una adabu zake, kwa hiyo nitamwita marehemu, na nikiteleza mnisamehe.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na mlango wa jikoni wa rangi nyeusi, kwa kuwa rangi nyeusi ndiyo iliyokuwa ikibaki karakana. Katika mlango huo marehemu alichora vistari kwa chaki, kila kistari kikiwa mahali pa herufi moja, na mdogo wake akabahatisha herufi mpaka neno litokee. Walikuwa wakitumwa kumenya vitunguu na vitunguu vikawasubiri. Mdogo akikosa alilia, akipatia alitangaza mtaa mzima. Bibi yetu alimsihi marehemu amwachie mtoto ashinde japo siku moja, na marehemu akakataa katakata. Alisema akimwachia, mtoto hatajua kama amejua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni, kisha chuo cha ualimu alikohitimu Novemba 1980. Alifundisha lugha katika shule ya msingi kwa miaka kumi. Baadhi ya wanafunzi wake wapo hapa, na naona wamekaa wima.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na dereva wa gari la vitabu vya shule. Dereva huyo alikuwa akileta maboksi pungufu kwa makusudi ili apate sababu ya kurudi wiki inayofuata, na mwalimu mkuu alimwandikia barua ya onyo kabla ya kuletewa kadi ya mwaliko. Walijaliwa watoto watatu. Mumewe alitangulia mwaka 2011, na marehemu hakupenda kuulizwa habari zake kwa sauti ya huruma.

Mwaka 1990 marehemu aliajiriwa na kituo cha televisheni katika chumba kidogo kilichokuwa hakina dirisha. Kazi yake ilikuwa kuandika majina yanayotokea chini ya nyuso za watu kwenye taarifa ya habari. Hakuwa na mzaha na kazi hiyo. Waziri aliyehamishwa wizara asubuhi, jioni alikuwa tayari na cheo chake kipya chini ya kidevu.

Mwaka 1996 kituo kilinunua haki ya kutengeneza toleo la nyumbani la mchezo wa kigeni ambao tayari ulikuwa ukichezwa katika nchi nyingi. Wengi wenu mnaukumbuka. Washindani watatu husimama mbele ya gurudumu, huzungusha, hutaja herufi, na herufi ikiwemo hufunguka ubaoni, mpaka mmoja abonyeze kengele na kutamka fumbo zima. Wenye mchezo walituma kitabu cha masharti kinene cha kutosha kuzuia mlango. Marehemu aliitwa afanye mchezo huo uongee Kiswahili, akawa mtunzi wa mafumbo yote. Ndipo alipopata jina la Mama Ubao.

Kazi haikuwa nyepesi. Katika maneno yetu herufi A ilifungua nusu ya ubao kwa mkupuo, na kipindi cha majaribio kilikwisha kabla watazamaji hawajakaa vizuri. Marehemu aliwaandikia wenye mchezo akiomba A ifungiwe mpaka raundi ya tatu, wakamjibu baada ya miezi saba kwamba wanalitafakari. Gurudumu lilitengenezwa na fundi wa vyuma kwa beringi ya lori, likawa zito hata mshindani wa kwanza alizunguka nalo. Kisha kulikuwa na salamu. Mshindani akiulizwa jina lake, alianza na wazazi, akaja kwa majirani, akamalizia na wote wanaomfahamu, na matangazo ya biashara yakaingia akiwa kwa wakwe. Wageni waliokuja kukagua walitaka salamu zifutwe. Marehemu aliwaambia kwamba zikifutwa, hakuna atakayetazama, kwa kuwa wanaosalimiwa ndio watazamaji.

Masharti mawili nayataja kwa kuwa yaligusa familia yetu. La kwanza, fumbo ambalo halikufunguliwa hewani hurudi kabatini, na jibu lake halitamkwi kwa mtu yeyote. La pili, ndugu wa mfanyakazi haruhusiwi kushindana. Hapo ofisi ilikwama. Wenye mchezo walidhani ndugu ni watu sita. Marehemu aliwaeleza kwamba kwa hesabu zetu itabidi nusu ya ukumbi itoke nje, wakiwemo mwongoza kipindi na mlinzi. Baada ya barua nyingi ilikubaliwa kwamba ndugu atakuwa mzazi, mtoto, mke, mume na wa tumbo moja. Marehemu alisifiwa kwa busara hiyo. Upande wake, katika watu wote wa mjini waliotaka kucheza, sharti hilo lilimzuia mmoja tu, mdogo wake.

Mama yangu wakati huo alikuwa na meza ya kushona mbele ya nyumba na watoto wawili bila baba. Jumamosi jioni majirani walijaa sebuleni kwetu. Hawakuja kwa ajili ya televisheni, maana wengi wao walikuwa nazo. Walikuja kumtazama yeye, kwa sababu alitamka jibu kabla mshindani yeyote hajafumbua mdomo, sindano ikiwa bado mdomoni mwake. Hakuwa na sifa nyingine mtaani, na aliitaka hiyo ionekane mahali pakubwa kuliko sebule yetu.

"Dada, niache nicheze mara moja tu," alimwambia marehemu kila walipoonana.

"Haiwezekani."

"Basi acha kazi wiki moja."

"Acha wewe undugu wiki moja," marehemu akajibu, na hapo walicheka wote wawili.

Mwezi Machi 2005 mama yangu alikwenda kwenye usaili wa washindani katika mji mwingine, akatumia jina la ubini la mumewe wa zamani, akala kiapo kwamba hana ndugu kazini. Akapita. Siku ya kurekodi, taa zilipowaka, marehemu akiwa chumba cha mitambo na mafumbo yake mezani, aliona kwenye skrini kwamba mshindani wa kati ni mdogo wake, na amevaa gauni ambalo yeye mwenyewe alimnunulia kitambaa chake.

Raundi ya kwanza ilipita, mama yangu akaongoza. Ya pili ikapita, akaongoza zaidi. Ofisi ilimuuliza marehemu baadaye kwa nini hakusimamisha mapema, naye akasema alitaka kumwona akicheza. Jibu hilo liliandikwa kwenye faili lake kama kosa. Kwangu mimi, katika maisha yake yote ya kazi, hilo ndilo jambo ninalompendea zaidi.

Fumbo la mwisho lilipofunguka herufi nne, mama yangu alibonyeza kengele. Kabla hajatamka, marehemu alishika kipaza sauti cha mwongoza kipindi pale mitamboni, na sauti yake ikasikika ukumbi mzima.

"Simamisheni. Huyo wa kati ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Kisha akashuka mpaka jukwaani. Mtangazaji, akiwa amechanganyikiwa, alimsogezea mama yangu kipaza sauti, na mama yangu akasema, "Huyu mama mimi simfahamu."

Watu wakawatazama mmoja baada ya mwingine. Paji la uso lilikuwa lile lile, mwanya ule ule, hata namna ya kuweka mkono kiunoni. Ukumbi ukaangua kicheko. Mama yangu alitoka kwa mlango wa nyuma na hakuchukua hata mwavuli wa zawadi wanaopewa wanaoshindwa.

Rekodi ilifutwa na fumbo likarudi kabatini. Marehemu alisimamishwa kazi kwa muda, na aliporudi alipangiwa kuwapanga watazamaji kwenye viti. Hakutunga fumbo jingine. Mjini ikasemwa kwamba alikuwa akimvujishia mdogo wake majibu, na kwamba zile Jumamosi zote za sebuleni zilikuwa maigizo. Majirani waliacha kuja. Mama yangu angeweza kuapa mpaka asubuhi kwamba fumbo lile alilijua mwenyewe, lakini hakuna mtu wa kumthibitishia, kwa kuwa jibu sahihi lilijulikana na mtu mmoja tu, na mtu huyo alifungwa mdomo na masharti. Wala hawakuwa wakisemeshana.

Kutosemeshana kwao kulichukua miaka mingi na kulihitaji wafanyakazi, ambao ni sisi watoto. Katika shughuli za familia walikaa chumba kimoja. "Mwambie mama yako mkubwa chai iko tayari." "Mwambie mama yako nimeiona." Hata alipofariki dereva, mama yangu alipika siku zote za msiba, akafua, akapokea wageni, na rambirambi zake akamtuma dada yangu mdogo kuzipeleka chumba cha pili.

Kipindi chenyewe kilikufa mwaka 2012. Gurudumu nasikia liliuzwa kama chuma chakavu. Marehemu alistaafu mwaka uliofuata, akawa anafundisha watoto wa jirani kusoma, bila malipo na bila upole.

Novemba 2018 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alianza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kuanzia Februari alilazwa. Mama yangu alifika wodini siku ya pili tu, akiwa na chupa ya chai na shuka mbili, akaketi.

"Muuguzi," akasema, "hebu muulize mgonjwa kama atakunywa chai."

"Muuguzi," marehemu akasema, "mjibu kwamba nitakunywa, isiwe na sukari."

"Jamani," muuguzi akasema, "mimi nina wodi nzima. Semezaneni."

Hawakusemezana siku hiyo. Ilichukua wiki kadhaa. Mama yangu alimwogesha, akamkata kucha, akamgeuza kitandani, yote kimya kimya. Kisha mchana mmoja saa ya kuona wagonjwa, mimi nikiwa nimesimama miguuni pa kitanda, marehemu akauliza bila kumtazama, "Lile fumbo. Ulikuwa umelijua?"

Mama yangu alikuwa anakunja shuka. Aliendelea kuikunja.

"Kifuniko cha sufuria," akasema.

Marehemu akafumba macho. "Ndilo."

"Unanifurahisha tu. Unaumwa, unataka niondoke na moyo mweupe."

"Lini nimewahi kukuachia?"

Hapo mama yangu alilia, na kwanza alilia kwa hasira. "Miaka yote hii, dada! Wananiita mwizi wa majibu, na wewe una neno moja tu la kusema!"

"Hukuniuliza."

"Mimi ndiye mdogo. Ningekuanzaje?"

"Na mimi ndiye mkubwa. Ningekuanzaje?"

Kisha mama yangu, ambaye hata kwenye majonzi hapitwi na jambo, akauliza, "Na yale masharti yako? Si jibu halitamkwi?"

"Kipindi kimekufa," marehemu akasema. "Na mimi niko njiani. Watamshitaki nani?"

Kuanzia siku hiyo waliongea mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaomba nafasi ya kulala. Walibishana kuhusu mambo ya mwaka 1970 kana kwamba yalitokea juzi. Mama yangu alimsuka nywele. Marehemu alizidiwa mwishoni mwa Mei, na alfajiri ya tarehe 2 Juni 2019 akafariki, mdogo wake akiwa amemshika mkono. Inatuuma. Sisi watoto tuna huzuni na pia tuna wivu kidogo, kwa sababu wawili hao walipopatana walisahau kabisa kwamba tupo.

Siku chache kabla, marehemu aliniita na kuniambia wasifu wake nitausoma mimi, kwa kuwa nina sauti inayofika nyuma. Alitaja tarehe zote mwenyewe na akanisahihisha mbili. Kisha akatoa agizo moja, akasema lile lilifanyika mbele ya watu, basi na hili lifanyike mbele ya watu. Nalisoma kama alivyolisema:

"Mshindani wa kati hakupewa jibu na mimi wala na mtu yeyote. Alilijua mwenyewe, kwa herufi nne. Kama si mimi kuwa dada yake, angeshinda, na ningekuwa wa kwanza kupiga makofi. Nilikuwa nimeshaanza kuinua mikono."

Marehemu ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, wapwa wawili, wanafunzi wasiohesabika, na ndugu mmoja wa tumbo moja. Tunawashukuru wauguzi wa wodi ya figo, hasa yule aliyekataa kupeleka ujumbe. Mwenyezi Mungu ampokee mama yetu na ampe usingizi usio na maumivu.

Na sasa, Mama, tafadhali simama watu wakuone.