Sentensi Arobaini na Moja Zilizobaki na Shaka

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 4 Machi 2026, mama wa marehemu alikaa kwenye benchi la hospitali, mkoba wa nguo za binti yake mapajani. Kila muuguzi aliyepita, mama alimtazama miguu kwanza, aone kama ana haraka. Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, mmoja alikuja polepole. Mama akajua kabla hajaambiwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Juni 1991, kitinda mimba katika watoto watatu. Alimaliza shule ya msingi mwaka 2004, sekondari mwaka 2010, na mwaka 2014 akahitimu chuo katika fani ya lugha. Mama yake, aliyeishia darasa la nne, alikagua madaftari yake kwa kuhesabu alama nyekundu tu.

Kuanzia Februari 2015 alifanya kazi katika ofisi inayotafsiri maneno ya programu za simu na kompyuta: sentensi ya kigeni juu, Kiswahili chini yake. Hakupenda kuhangaika na kipanya. Aliandika amri kwenye dirisha jeusi la kompyuta. Amri moja ilimtolea sentensi zote zenye alama ya shaka, yaani zile ambazo tafsiri yake haijawa ya uhakika, na kuziweka kwenye faili la peke yake, nyingine ilizirudisha mahali pake zikishasahihishwa. Alama hiyo hakuiondoa mpaka amsomee mama yake. Mama akielewa, inaondoka. Wenzake wakamwita Dada Shaka.

Tarehe 9 Novemba 2019 alifunga ndoa na fundi wa majokofu, wakajaliwa binti mmoja.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2024. Hata kitandani hakuiacha programu ya zahanati, ile ya kumwambia mgonjwa ameze nini na arudi lini. Januari mwaka huu mama yake alishindwa kuvumilia.

“Mwanangu, lile la ‘kipimo kimeahirishwa hadi uthibitisho’ sikulielewa. Niliitikia tu.”

“Mengine je?”

“Mengi. Nilikuona umechoka.”

Marehemu alicheka mpaka akashika mbavu. “Mama, umeniharibia kazi vizuri kabisa.” Akaandika amri moja, sentensi mia moja na kumi na mbili zikarudishiwa shaka. Wakaanza upya, moja moja. Alipofariki zilikuwa zimebaki arobaini na moja.

Ameacha mume, binti wa miaka mitano, mama na kaka wawili.

Juzi mwenzake wa ofisini alikuja nyumbani kutoa pole, akasema, “Mama, programu inasubiriwa. Nikiandika amri moja, shaka zote zinaondoka.”

“Na mgonjwa ataelewa?”

“Hapo sikudanganyi, mama. Sijui.”

Mama alichukua ufunguo, akafungua mlango wa chumba cha marehemu, ambamo hakuna aliyeingia tangu Jumatano, akamvutia mgeni kiti mbele ya kompyuta. “Kaa, mwanangu. Nisomee ya kwanza. Nisipoelewa, safari hii nitasema.”

Walisoma hadi jioni. Kumi na tatu hakuzielewa, na hizo bado zina shaka. Marehemu apumzike sasa; zilizobaki tutaendelea nazo sisi aliotuacha.