Vumbi la Juu ya Mawingu

Kijiwe cha Athanas muuza kahawa, pale Songwa kwenye njia ya mgodini, asubuhi hiyo ya mwaka 1957 kilikuwa na mgeni asiyekunywa: kisanduku cha bati. Kilishuka na puto la Wazungu lililopasuka juu ya shamba la Bujiku. Bujiku alikuwa amekipakata, amekifunga kwa kanga ya mkewe aliyezikwa juma lililopita. Gari la kukichukua lilikuwa njiani, naye hakuwa amekata shauri kama atakitoa.

— Ndani kuna karatasi ya kunasa vumbi la huko juu, alisema Pantaleo, waliyemwita Jaji kwa kuhukumu kila kitu. — Wanatafuta almasi. Za ardhini zimewachosha.

— Almasi gani, wewe, alisema Stanslaus, aliyeitwa Reli kwa kazi yake ya zamani. — Ni moshi wa treni. Wanataka kujua uliishia wapi.

— Basi watakuta na wa kiko chako.

— Na chumvi, akadakia Athanas. — Wakiichota huko, dukani itashuka bei.

Bujiku alisubiri wamalize kucheka. Maneno yake huja polepole.

— Siku tunamzika, upepo ulikuwaje?

Kicheko kikakatika. Wote walikuwepo. Vumbi la kaburi lilipanda hadi katekista akafunika kitabu.

— Ulikuwa mkali, Baba Mageni, Jaji alimwambia Bujiku kwa upole.

— Na puto tuliliona likipanda siku ile ile, alisema Bujiku.



Gari likafika. Akashuka Cornel, kijana anayewafanyia kazi Wazungu wa puto, akawaamkia shikamoo. Bujiku akamuuliza vumbi hufanywa nini.

— Karatasi inalowekwa kwenye maji ya dawa, mzee, wajue vumbi limeundwa na nini.

— Halafu?

— Maji yanamwagwa.

Bujiku akaikaza kanga.

— Mke wangu yumo humu.

Cornel hakucheka. Akachuchumaa mbele yake.

— Kuyamwaga ni kazi yangu, mzee. Nitayamwaga kwa sala. Nimtaje nani?

— Mama Mageni, alisema Reli.

— Hilo ni la mtoto, alisema Cornel. Lake mwenyewe?

Reli akamtazama Jaji. Jaji akamtazama Athanas. Miaka yote hiyo mama yule aliwaletea viazi hapo kijiweni.

Bujiku hakuwa amelitaja tangu makaburini. Akafungua fundo taratibu.

— Melania, alisema, akatoa kisanduku. Kanga akaiweka begani.

Jaji akalirudia jina kwa sauti ndogo, kisha Reli, kama watu wanaojifunza sala.