Dada Yetu, Mwalimu wa Soneti

Ndugu, jamaa, majirani na wanafunzi mliojaa uani hadi barabarani, familia imenisimamisha mimi kitinda mimba niwasomee safari ya dada yetu, nami naomba mnivumilie sauti ikinikatika.

Dada alizaliwa tarehe 9 Mei 1972, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la mama yetu, akiwa mtoto wa kwanza wa mshonaji na dereva wa lori, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1995 akahitimu chuo cha ualimu, akapangiwa kufundisha Kiingereza katika shule ya wasichana aliyoitumikia hadi ugonjwa ulipomtoa darasani.

Mwaka 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, ambaye alikuja kutengeneza taa za darasa lake, taa zikawaka, naye akabaki mlangoni akisikiliza ushairi asioelewa hata neno. Walipendana mno, ila mimba mbili ziliharibika, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuwauliza.

Mtoto wao walimpata darasani, Juni 2006. Siku hiyo Dada alikuwa akifundisha soneti ya kisasa, shairi la mistari kumi na minne ambalo vina vyake vimejificha, na ili wasichana wauone mpangilio wa vina, aliwasimamisha kumi na wanne mbele, kila mmoja na neno la mwisho la mstari wake, wenye sauti zinazofanana washikane mikono, hawa wakawa A, wale wakawa B, darasa likawa kicheko kitupu, mpaka akabaki mmoja, kwani mshairi alikuwa ameuacha mstari wa mwisho bila kina. Msichana huyo alikuwa amemzika mama yake, mzazi pekee aliyembakia, muhula uleule, na alikuwa akilala kwa jirani.

"Mwalimu, mimi sina mwenzangu," akasema, akaangua kilio.

Dada akaweka chaki chini, akaenda kusimama kando yake, akamshika mkono.

"Unaye," akamwambia, kisha akawageukia wengine. "Ila kwenye mtihani andikeni mstari wa mwisho hauna kina, msije mkanitia aibu."

Jioni ile alimweleza mumewe, na kabla hajamaliza, shemeji alikwishaanza kuvuta waya wa taa kwenda chumba cha pili. Binti huyo, leo fundi umeme kama baba yake, ndiye yule aliyeketi mbele.

Februari 2023 Dada aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akapasuliwa, akapata nafuu, ikarudi. Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, mchana, binti alikuwa amekaa kitandani kwake hospitalini.

"Umekula?" Dada akamuuliza.

"Bado, mama."

"Nenda ukale kwanza."

Aliporudi alikuta wameshamfunika.

Tangu siku hiyo binti hajatia kitu kinywani, anasema alimwacha mama yake afe peke yake. Mwanangu, mimi mjomba wako nasema mbele ya watu wote hawa: hukumwacha, alikutuma, nawe ukamtii.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliokesha nasi, na walimu wenzake mlioshika vipindi vyake bila kunung'unika.

Pumzika kwa amani, Dada. Leo mtoto atakula, nitakaa naye mwenyewe.