Chupa ya Mwalimu Perpétue

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Parfait, mdogo wake Mwalimu Perpétue Nabintu, niliyemwita yaya tangu utoto kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, ingawa kwa kweli tumechoka kuzika.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 huko Walungu, Kivu ya Kusini, akasoma shule ya msingi hapo hapo, mwaka 1994 akapata diploma ya ualimu Bukavu, kisha vita vya 1996 vikatutoa, tukatangatanga hadi tulipofika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, eneo la Juru, Februari 1997.

Hapa Juru alifundisha sayansi tangu 1999, na kwa kuwa vitabu havikutosha, somo la mawe alilifundisha kwa mikono: vipande vya mishumaa ya kanisani alivikwangua, akavikandamiza, akaviyeyusha na kuviacha vipoe, ili watoto waone jinsi jiwe linavyozaliwa. Mara ya kwanza alipanga matabaka kwa unga na maharage ya mgao, wazazi wakaja juu kwamba chakula si mchezo, naye akaomba radhi, akahamia kwenye tope la ziwa ndani ya chupa.

Tarehe 12 Agosti 2000 alifunga ndoa na Bonaventure, mchuuzi wa nguo mnayemjua, yule wa baiskeli, asiyejua kwenda polepole, wakajaliwa Gisèle mwaka 2001 na Orpa mwaka 2004.

Figo zilianza kumsumbua 2013. Jumatatu tarehe 8 Juni 2015, kabla ya kupelekwa hospitali Mbarara, alipita darasani, akaitikisa chupa mbele ya wanafunzi, akawaambia kizito hushuka kwanza, chepesi huchelewa, na asiiguse mtu mpaka arudi kuiona mwenyewe. Kila mumewe alipofika wodini, hata kabla ya habari za watoto, aliulizia hiyo chupa. Alhamisi Bonaventure alimjibu, "Bado, mama Gisèle, mayi ingali muchafu." Akasema atangoja. Ijumaa alfajiri, tarehe 12, alifariki, na jambo hilo linatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbarara, majirani waliotupikia, na walimu wenzake walioshika darasa lake.

Leo asubuhi Bonaventure ameiacha baiskeli nyumbani, akaibeba chupa kutoka shuleni kwa mikono miwili, kwa miguu, polepole, na sasa iko hapa kando ya jeneza, mchanga chini, udongo laini juu yake, maji meupe kabisa.

Imetulia, yaya. Nawe pumzika kwa amani.