Ufunguo Ulikuwa Muhima

"Ukiwa kazini, bibi yako anabaki na nani?"

Kiongozi wa mudugudu, mtaa wetu huu, aliniuliza hivyo mlangoni kwangu, hapa hapa Kinyinya, akiandika majina ya wazee. Mnanijua, ndugu zangu: mimi ndiye yule anayeuliza maswali mpaka mkutano unachelewa kufungwa. Siku ile niliulizwa mimi. Nikadanganya kwamba nina msichana wa kazi.

Ukweli ni kwamba Bibi, aliyenilea tangu Bujumbura, alikuwa anabaki na kufuli. Akili yake ilikuwa nzima, miguu ndiyo ilimshinda, na kukaa kitako hakutaka. Alikwishaanguka mara moja kwenye mtaro wa nyumba inayojengwa jirani. Kwa hiyo kila asubuhi nilifunga mlango, nikaenda ofisini Muhima, kule mjini, na ufunguo mkobani. Nilijiambia ni usalama. Msinicheke, digrii haikunisaidia.

Wiki chache baadaye jirani akanipigia simu. Bibi ameanguka ndani, analia, mlango haufunguki. Nilipanda pikipiki. Nilipofika, nilimkuta jirani amepitisha mkono kati ya vyuma vya dirisha, amemshika Bibi vidole. Walikuwa hivyo muda wote ule.

Bibi aliniambia, "Umewahi leo."

Nawaambia, ningependa anitukane.

Juma lililofuata akaja mama mmoja na mfuko wa glovu na sabuni. Alisema ametumwa na sekta, ofisi inayosimamia mitaa yetu, kuhudumia wazee majumbani, serikali imetenga fungu, analipwa posho. Mimi nikaanza: Fungu hilo linatoka wapi? Likikatwa je? Nani anakukagua?

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Maswali mazuri, dada. Uliza sekta. Mimi niko na moja tu. Ufunguo iko wapi?"

Nilisimama pale nimeukamata. Kumpa ilikuwa kukiri kwamba nimeshindwa. Bibi akapaza sauti kutoka kitandani: "Mpe, wee msomi! Unataka nioge na kufuli?"

Nikampa. Nikakaa chini, nikalia kama mtoto, huku wao wawili wakibishana kuhusu maji ya moto.

Sasa mama yule anakuja asubuhi tatu kwa wiki. Siku nyingine Bibi anashinda kwa jirani, anamkosoa jinsi anavyopika isombe ya majani ya muhogo. Anatembea hadi barabarani kwa fimbo. Mimi nalala, nakula, nacheka. Asubuhi tatu hazitoshi, na sekta nimeshawaambia. Nitaendelea kuwauliza fungu la mwakani liko wapi, na nyinyi muulize pamoja nami. Lakini msifanye kosa langu, la kuuliza maswali yote ya wengine na kukimbia moja lililo lenu.

Namshukuru mama yule. Namshukuru jirani, na leo namwomba radhi mbele yenu: kwa miezi mingi nilimsalimia kwa shida, nikiamini ndiye aliyenishtaki kwa kiongozi kwamba namfungia Bibi ndani.

Siye. Mwezi uliopita kiongozi alinieleza. Kabla ya kunisubiri mlangoni siku ile, alikuwa amepita mchana, na Bibi alimwita dirishani, akaomba amwandike mtu mmoja kwenye orodha ya wanaohitaji msaada.

Kiongozi akamwuliza, "Niandike nani?"

Bibi akataja jina langu.