Siku Nilipouona Moto wa Bastola

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na walioko viti vya nyuma, asifiwe na waliotundika maputo haya ya arusi ya jana na wakasahau kuyatoa, asifiwe na baba yangu aliyekaa pale dirishani, amenigeuzia sikio lake zima! Mimi ni Rehema, mnanijua kwenye kwaya. Wengi hamjui kwamba siku za kazi mimi ni askari, na kikosini niko timu ya kulenga shabaha kwa bastola. Naona akina mama wameshtuka. Tulieni, leo sikuja nayo.

Ndugu zangu, nilikuwa mfungwa wa mlio! Nilipokuwa na miaka saba, baba alikuwa fundi wa matairi pale Mlandege. Siku moja alikuwa anajaza upepo tairi la lori kwa kompresa, nami nimekaa kwenye kigoda namtazama. Nikaona ubavu wa tairi umetoa uvimbe, na uvimbe unakua. Nilijua si kawaida. Nilipaswa kumwita. Badala yake nilifumba macho. Tairi likapasuka! Nilipofumbua, baba alikuwa chini, na sikio lake la kushoto halijasikia kitu tangu siku ile. Sikumwambia mtu kwamba niliuona ule uvimbe.

Tangu hapo puto likipasuka, mimi nimeshafumba macho. Fataki za sikukuu, nimefumba. Mlango ukibamizwa na upepo, nimefumba. Sasa mtu wa namna hiyo anatafuta nini kwenye bastola? Hata mimi nilijiuliza! Mimi ni mdadisi tangu utoto, kitu kikiniogopesha siwezi kukipita bila kukichungulia. Walipouliza kikosini nani anataka kujaribu shabaha, mkono wangu ulinyooka kabla sijaufikiria.

Miaka sita nilipiga, na risasi zangu zilikuwa na makao yao: chini, kushoto. Karatasi ina miduara mizuri, katikati peusi panaonekana kama sahani, lakini mimi chini kushoto. Wenzangu wakanipa jina. Mpaka mpishi wa kambi akawa ananiita, "Chini Kushoto, njoo uchukue wali wako." Kisha ukatangazwa mchujo wa timu ya kuvuka bahari kwenda kushindana Bara. Nikaambiwa wazi, nikishindwa safari hii natolewa timu, narudi kulinda geti. Ndugu zangu, geti si aibu. Kilichoniuma ni kwamba ningerudi pale bila kujua nina nini.

Hapo nikafanya kosa ambalo mlokole peke yake anaweza kulifanya. Nilichukua chupa ya mafuta ya upako, nikaupaka mpini wa bastola, nikakemea pepo la chini kushoto! Niliposhika kulenga, mpini ukateleza kama sabuni. Risasi ikaingia kwenye tuta la mchanga, hata karatasi haikuguswa. Chekeni tu. Mimi siku ile nililia.

Mwalimu wetu ni Bi Zuwena, sajini mtu mzima, mwenyeji wa Kidichi, Mwislamu wa swala tano. Alisimamisha mazoezi, akanijia, akaunusa mkono wangu.

"Rehema, umepaka nini?"

"Nimeiombea bastola, Bi Zuwena."

Hakucheka. "Dua siikatazi mie. Lakini bastola haina maradhi. Kesho asubuhi njoo tufanye makavu."

Makavu ni mazoezi ya bastola tupu. Unaikagua mwenyewe, na mwenzio anaikagua, risasi zimefungiwa chumba kingine. Unasimama mbele ya ukuta mweupe, unalenga, unavuta traiga taratibu. Inalia "ta", basi. Nilikuwa nayadharau makavu, niliona ni kazi ya wanafunzi. Bi Zuwena akatoa karafuu moja kavu mfukoni, akailaza juu ya bastola, karibu na ncha.

"Vuta. Isianguke."

Ikaanguka. Akaiweka tena, ikaanguka tena. Asubuhi nzima, karafuu sakafuni! Nikapiga magoti kuiokota, na nikiwa pale chini nikashikwa na ajabu. Bastola ni tupu, nimeikagua kwa mikono yangu. Hakuna moto, hakuna kishindo. Basi nafumba macho kwa ajili gani? Mkono unausukuma mdomo wa bastola chini, kumkimbia nani?

"Ushaona?" akasema Bi Zuwena. "Wewe waukimbia mlio ambao haujaja. Khofu hiyo umekuja nayo, hukuipata hapa."

Alilitamka lile neno khofu kutoka kooni kabisa, nami nikalisikia lilipokaa ndani yangu. Nikaliona tairi. Nikakiona kigoda. Ndugu zangu, nilimlilia Mungu palepale, na sikuomba ushindi. Nilisema, "Bwana, nisaidie macho." Maneno yenyewe ndiyo hayo tu.

Wiki sita, kila asubuhi, mimi na karafuu. Bwana, macho. Ta. Inaanguka. Bwana, macho. Ta. Inaanguka. Siku moja bastola ikasema "ta" na karafuu ikabaki imelala juu ya chuma, haikutikisika! Nikapiga kelele "Haleluya!" nayo ikaanguka.

"Sasa umeiangusha kwa furaha," akasema Bi Zuwena. "Rejea."

Siku ya mchujo ikafika. Risasi za kweli, watu wamejaa. Nikalenga, nikaomba ombi langu fupi, nikavuta. Na mbele ya mdomo wa bastola nikaona moto! Moto mdogo wa manjano, kama kiberiti kilichowashwa kikazimika. Nilidhani nimeharibu mali ya kikosi.

"Bi Zuwena, imetoa moto!"

"Naam. Siku zote hutoa. Wewe ndiye hukuwapo."

Miaka sita, ndugu zangu! Miaka sita moto unawaka mbele ya uso wangu na sijawahi kuuona! Nilipita mchujo, nafasi ya mwisho, na sijali. Nilitoka kambini moja kwa moja mpaka kwa baba. Nikakaa upande wake wa kulia, nikamwambia habari za ule uvimbe, na kwamba sikumwita. Nilimwambia huku namtazama usoni.

Baba akaniambia, "Mwanangu, hata ungeniita nisingekusikia. Kompresa ilikuwa inanguruma."

Mungu wangu! Mzigo nilioubeba tangu nina miaka saba, na jibu lilikuwa kwa baba muda wote!

Namshukuru Bwana aliyenifungua. Namshukuru kwa ajili ya Bi Zuwena na karafuu zake. Nawe uliyefumbia kitu macho, usingoje mpaka uwe jasiri. Mwambie Bwana leo, nisaidie macho, kisha ufumbue kidogo kidogo. Mimi alinisaidia.

Nimemaliza, ila nina ombi moja kwa mchungaji. Maputo haya lazima yatolewe. Baba, njoo hapa mbele, chagua lililo kubwa kuliko yote. Lipasue. Natazama.